Jumapili moja Uholanzi: kijiji cha Kinderdijk kinafaa safari?

Dada_wa_Mawaridi (Entebbe)

Hamjambo wana jukwaa. Kiswahili changu ni cha Malaba mpakani, mnivumilie.

Nafanya kazi kwenye shamba la maua upande huu wa Entebbe, kitengo cha kupanga mawaridi kabla hayajapelekwa uwanja wa ndege. Ukutani, juu ya meza tunayopimia urefu wa mashina, kuna kalenda tuliyoletewa na mteja wa Uholanzi. Mwaka wake ulishapita zamani lakini hatuitoi, maana nyuma yake rangi ya ukuta imebanduka. Imebaki kwenye Novemba. Picha ya Novemba ni mfereji wa maji yaliyotulia, na kando yake vinu vya upepo vimejipanga mstari, kimoja nyuma ya kingine, mpaka vya mwisho vinakuwa kama vijiti vya kiberiti. Chini pameandikwa Kinderdijk. Huu ni mwaka wa nne naiona picha hiyo kila nikiinua kichwa.

Sasa Mungu si Athumani, nimechaguliwa kwenda mafunzo ya wiki tatu karibu na mnada wa maua wa Aalsmeer. Ratiba imejaa kama basi la Krismasi, ila Jumapili moja ni yetu. Wenzangu wanataka Amsterdam, madukani. Mimi nataka kwenda kwenye kalenda.

Wenye kujua nisaidieni. Hicho ni kijiji cha watu kweli au ni kitu cha watalii tu? Vinu vyote hivyo vilikuwa vinasaga nini? Kijiji kimoja kinakula unga kiasi gani? Na kuna mtu kaniambia jina hilo maana yake ni "tuta la mtoto". Mtoto gani huyo?

Abu_Bombo

Dada, hapa kwetu Bombo kinu cha posho, yaani cha unga wa mahindi, ni kimoja na foleni yake haiishi. Kumbe kuna watu wanapenda posho kuliko jeshi. Nenda Amsterdam ununue viatu, vinu utaviona kwenye kalenda bure.

Mzee_wa_Kilembe

Abu, usimharibie dada safari. Vinu hivyo havijawahi kusaga hata debe moja la mahindi. Vinainua maji.

Nijitambulishe kidogo. Nimezaliwa kambi ya mgodi wa shaba, Kilembe. Baba alikuwa mtu wa chini ya ardhi, na Kiswahili hiki ndicho tulichokikuta kambini, maana kila kabila lilikuwepo pale na hakuna aliyekubali kuongea cha mwenzake. Baadaye nikaingia kazi ya maji mpaka kustaafu, na katikati nikapelekwa kusoma Delft, huko huko Uholanzi, miaka ya tisini. Kinderdijk nimekwenda mara tatu. Ya kwanza niliishia mtaroni, nitasimulia.

Chukua beseni tupu, uliweke ndani ya karai lenye maji. Ukingo wa beseni ndio tuta. Ndani ya beseni kuna watu, ng'ombe, makanisa, viazi. Mvua ikinyesha mle ndani, maji utayatoaje na wewe uko chini kuliko maji ya nje? Hilo beseni linaitwa Alblasserwaard, na Kinderdijk iko kwenye kona yake ya chini kabisa, pale mto Lek unapokutana na mto Noord, kama kilomita 15 mashariki ya Rotterdam. Maji yote ya eneo zima yanatelemkia kwenye kona hiyo. Ndiyo maana vinu vimejaa hapo, dada. Kijiji kimoja kimebeba mzigo wa vijiji vyote vilivyoko nyuma yake.

Mwanzoni hawakuhitaji vinu. Mwaka 1277 mtawala wao, Floris wa Tano, aliwaunganisha wenye mashamba chini ya bodi moja ya maji, walinde matuta kwa pamoja. Karne ya 14 wakachimba mifereji mirefu ya kuleta maji mpaka Kinderdijk, na pale kwenye tuta wakaweka milango. Mto Lek unafuata bahari, unajaa na kupwa. Ukipwa wanafungua mlango, maji ya ndani yanajitoa yenyewe. Ukijaa wanafunga. Ilikuwa kazi rahisi.

Lakini udongo wa kule ni mweusi, ni mabaki ya mimea yaliyolala majini miaka elfu na elfu, kama utakaoukuta chini ya mafunjo ya vinamasi vyetu. Ukiukausha unanywea, na hewa ikiufikia unaoza na kuisha. Kwa hiyo kadiri walivyotoa maji ndivyo ardhi ilivyozama, na kadiri ilivyozama ndivyo maji yalivyozidi kukaa. Mto nao unapita juu, kati ya matuta yake, na hauwasubiri. Ikafika siku mlango unafunguliwa na maji hayatoki.

Ndipo vikaja vinu unavyoviona. Wakati huo beseni lilikuwa na bodi mbili. Mwaka 1738 bodi ya Nederwaard, sehemu ya chini ya beseni, ilijenga vinane, vya matofali, vya mviringo. Mwaka 1740 bodi ya Overwaard, sehemu ya juu, ikajenga vyake vinane ng'ambo ya pili, vya mbao, pembe nane, vimeezekwa matete kuanzia juu mpaka karibu na chini. Bodi mbili, mifereji miwili, sambamba, na hakuna aliyechanganya maji yake na ya jirani. Mimi jambo hilo lilinichekesha sana, lilinikumbusha ndugu wawili wanaojenga kiwanja kimoja halafu kila mmoja anaweka geti lake. Ongeza viwili vya Nieuw-Lekkerland na kimoja cha Blokweer, jumla 19. Hicho cha Blokweer kiliungua mwaka 1997, mwaka ule ule UNESCO ilipoviandika vinu hivi kwenye Urithi wa Dunia. Wakakijenga upya.

Ndani kinavyofanya kazi: mapanga yanazungusha mhimili juu, mhimili unashika gurudumu la meno ya mbao, gurudumu linazungusha nguzo inayoshuka katikati ya nyumba, na nguzo inazungusha gurudumu lenye vibao ambalo linateka maji ya mfereji wa chini na kuyasukuma kwenye bwawa la juu. Kama mita moja na kitu tu. Maji yanasubiri kwenye bwawa hilo mpaka mto ushuke, ndipo mlango unafunguliwa. Hiyo mita moja na kitu ndiyo tofauti ya kulala pakavu na kulala na samaki.

Na mtu anaishi humo, dada. Hicho ndicho nilichokuwa sikijui. Nguzo inazunguka katikati, na pembeni yake familia inapika, inalala, inalea watoto. Vitanda vimejengwa ndani ya makabati ya ukutani, vifupi, hata mimi na urefu wangu wa kawaida nisingenyoosha miguu. Mpaka leo vingi vina watu. Utaona nguo zimeanikwa, baiskeli ya mtoto, mbwa anakubwekea. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hilo: ni kijiji cha watu.

Mapanga yanapita karibu kabisa na ardhi, yaani ukiweka kreti ya soda linaipiga. Nilisimama nyuma ya uzio siku ya upepo. Unasikia *vuuu*, kivuli kinakupita usoni, *vuuu*, kivuli kingine, na ardhi unaisikia miguuni. Ndiyo sababu kila nyumba ya aina hiyo ina milango miwili inayotazamana. Kichwa cha kinu kinageuzwa kuufuata upepo, kwa hiyo leo mapanga yanapita mbele ya mlango huu, kesho mbele ya ule, na mama lazima awajue watoto wanatokea wapi. Mtunza kinu anakigeuza kwa mkia wa mbao unaoteremka nyuma mpaka chini. Kuna gurudumu la kukanyagia na mnyororo, anaufunga kwenye kigingi, anapanda juu ya gurudumu kwa uzito wake wote, kinu kizima kinanung'unika na kugeuka. Upepo ukiwa mdogo anatandaza turubai kwenye mapanga, analipanda panga moja moja kama ngazi.

Mtoto sasa. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Novemba 1421, sikukuu ya Mtakatifu Elizabeth, dhoruba ilivunja matuta upande wa kusini na eneo kubwa lililoitwa Grote Waard likazama. Sehemu yake leo ni vinamasi vya Biesbosch. Wanasimulia kwamba maji yalipotulia mtu alikwenda kwenye tuta kuona kama kuna kilichosalia, akaona susu la mtoto linaelea. Juu yake paka anaruka upande huu na upande ule, susu lisipinduke wala maji yasiingie. Likasogea mpaka tutani, ndani mtoto amelala, mkavu. Basi tuta la mtoto. Mimi nawaambia kama nilivyoambiwa. Mafuriko ni historia, paka ni hadithi, lakini paka ndiye anayekumbukwa.

Mwalimu_Arua

Mzee, ahsante, nitaliiba hilo beseni nikalitumie darasani kesho. Nina maswali mawili ya kichokozi. Vinu bado vinafanya kazi au ni mapambo? Na matuta hayo ya mwaka 1277 nani alikuwa anayalipia? Maana hapa kwetu mtaro ukiziba kila mtu anasema ni wa mwenzake.

Mzee_wa_Kilembe

Mwalimu, la kwanza. Mwaka 1868 ililetwa mashine ya mvuke, pale panaitwa Wisboom, baadaye ikawa ya umeme. Leo jengo hilo liko wazi kwa wageni, dada usilipite. Vinu havikuachwa hapo hapo, viliendelea kusaidia, na wakati wa vita vya pili vya dunia mafuta yalipokosekana vilirudi kubeba mzigo. Kazi rasmi ilikwisha kama mwaka 1950. Sasa kazi inafanywa na parafujo kubwa za chuma zinazolala mteremko na kuzunguka polepole, zinapandisha maji kama mashine ya kusaga nyama inavyosukuma nyama. Kila mgeni anaipa mgongo mitambo hiyo ili apige picha vinu. Dada, wewe uisimamie dakika tano. Hiyo ndiyo inayozuia viatu vyako visilowe siku hiyo. Vinu navyo bado vinazungushwa, maana kinu kisichozunguka kinaoza.

La pili ndilo lililonikaa moyoni. Kila mwenye shamba alikuwa na kipande chake cha tuta, kimepimwa, na ni juu yake kukitengeneza. Wakaguzi wanapita. Palikuwa na sheria ya sepetu: ukishindwa kulitunza tuta lako unachomeka sepetu kwenye tuta na kuondoka. Atakayeichomoa ndiye anayechukua tuta pamoja na shamba lako lote. Huchukui kitu. Hakuna kikao, hakuna posho ya kikao. Abu, hiyo ndiyo posho ambayo wao hawakuwa nayo.

Siku hizi bodi za maji zina kodi yake na uchaguzi wake, kando na wa serikali. Nilipoyasoma hayo darasani niliona ni mambo ya vitabuni. Halafu mto wetu wa Kilembe, Nyamwamba, ukatushukia Mei 2013, na tena Mei 2020, mawe makubwa kama gari yanabingirika mtoni usiku kama ngurumo, na asubuhi yake nimesimama na majirani tunabishana ukuta wa mawe ni wa nani. Kila mtu ana jina la ofisi mdomoni. Nilitamani mtu achomeke sepetu tu tujue moja.

Dada_wa_Mawaridi (Entebbe)

Mzee shikamoo, na ahsante sana. Nimeisoma kwa sauti wakati wa chai, wasichana wote wameacha vikombe. Hilo la maji kukaa ndani ya nyumba tunalijua, 2020 ziwa lilipopanda jirani zangu wa bandari ndogo walihamia juu wakaacha nyumba na mamba.

Sasa niambie nifikeje, na mtaroni uliingiaje.

Mzee_wa_Kilembe

Marahaba mwanangu.

Aalsmeer mpaka Rotterdam utasafiri kwa basi na treni. Kutoka Rotterdam, msimu wa joto kuna boti ya abiria inayopanda mtoni mpaka Kinderdijk kwenyewe. Hiyo ni nzuri kuliko basi, kwa sababu njiani utaona viwanda vya meli. Watu wanadhani kijiji hiki ni vinu tu, kumbe kimetengeneza meli kwa vizazi na vizazi, hasa zile za kuchimba matope chini ya maji. Watu waliofunzwa na matope yao wenyewe wakageuka kuwauzia dunia mashine za matope. Angalia ratiba ya Jumapili kabla hujatoka, na usingoje boti ya mwisho.

Kutembea kwenye tuta kati ya vinu hakuna malipo. Unalipa kuingia ndani, na ingia. Picha za nje unazo tayari ukutani. Beba chakula chako. Upande ule ni wa Waprotestanti washika dini, Jumapili ni ya kanisa na usitegemee duka la kijijini. Beba na kitu cha kuzuia upepo, hata Julai. Vinu havikujengwa pale kwa bahati mbaya.

Mtaro sasa. Wakati wangu boti hiyo haikuwepo. Nikaazima baiskeli kwa mwenzangu wa bwenini, nikaenda nayo kwa treni mpaka Rotterdam, kisha nikafuata ukingo wa kaskazini. Nikavuka mto Hollandse IJssel pale kwenye lango kubwa la chuma la kuzuia dhoruba. Lile lilikamilika 1958, baada ya mafuriko ya 1953 yaliyoua zaidi ya watu 1,800. Wahandisi wanasimama pale kuliangalia, nami nikasimama, nikajiona mtu mkubwa. Nikafika Krimpen aan de Lek, nikavushwa kwa kivuko kidogo, na ng'ambo ni Kinderdijk.

Tuta linashuka kidogo kuingia kwenye njia ya vinu. Mimi nimekulia baiskeli za Kasese, breki ziko mkononi. Nikakaza vidole: hakuna kitu. Usukani mtupu kama pembe za mbuzi. Kule baiskeli nyingi unazifunga breki kwa kurudisha pedali nyuma, na kutoka Rotterdam hadi pale njia ni tambarare kama meza, sikuwa nimewahi kuhitaji kusimama ghafla. Miguu ya kushangaa inakanyaga mbele, haikanyagi nyuma. Nikaona pembeni uwanja wa majani mazuri ya kijani, nikasema afadhali nianguke kwenye majani. Hayakuwa majani. Ni yale magugumaji madogo yanayofunika maji ya mtaro kama zulia.

Maji yalinifika kifuani. Mzee mmoja mwenye viatu vya mbao alikuja polepole, hakucheka, akanyoosha fimbo yenye kulabu, akaitoa baiskeli kwanza. Halafu mimi. Akanipeleka kwake, kinuni, nikakaushwa karibu na jiko na ile nguzo ikizunguka nyuma ya kisogo changu. Hatukuwa na lugha ya pamoja ya maana. Alinionyesha kwa mikono jinsi kinu kinavyosema.

Hiyo nilisahau kuwaambia. Kikisimama, mapanga yanaachwa kwa namna yenye maana. Panga la juu likisimamishwa kabla kidogo ya kufika wima, linakuja, ni furaha: harusi, mtoto amezaliwa. Likisimamishwa limeshapita wima kidogo, linakwenda, ni msiba. Majirani wa mbali wanasoma, wanajua wavae nini. Julai 2014 ndege ya MH17 ilipotunguliwa na Waholanzi wengi wakafa, vinu nchini vilisimamishwa kwa msiba.

Dada_wa_Mawaridi (Entebbe)

Mzee, subiri. Kinu cha kwanza kwenye kalenda yangu kimesimama, maana maji yametulia na mapanga yanaonekana wazi. Panga la juu limeinama kidogo kushoto. Hiyo ni kabla au baada? Kinazungukia upande gani?

Mzee_wa_Kilembe

Ukikitazama usoni, vya kule vinazunguka kinyume cha saa. Panga la juu likiinamia kulia halijafika, furaha. Likiinamia kushoto limepita, msiba.

Mwalimu_Arua

Pole dada. Novemba pia ndiyo mwezi wa mafuriko yale. Inaingiana.

Mzee_wa_Kilembe

Msiharakishe kuvaa nyeusi. Nimesema ukikitazama usoni. Dada, angalia nyuma ya kichwa: unaona mkia, zile mbao ndefu zinazoteremka mpaka chini?

Dada_wa_Mawaridi (Entebbe)

Nimepanda juu ya meza. Ndiyo, mkia unaonekana, na lile gurudumu la kukanyagia lipo, nilikuwa nadhani ni la mkokoteni. Kwa hiyo mpiga picha alisimama mgongoni. Kushoto kwangu ni kulia kwake.

Abu_Bombo

Kumbe dada, miaka minne unapima mashina chini ya harusi ya watu na hata kadi hukupewa.